Ajali Ile Ilikuwa na Kinga

Mume wangu alikuwa dereva wa trela. Alibeba shehena kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, na safari nyingine alivuka mpaka akaenda kushusha Kampala. Alifariki usiku mmoja wa mwaka 2019, kati ya Taru na Mackinnon Road, akibadilisha tairi kando ya gari lake. Naishi Changamwe, palepale tulipoanzia maisha, mimi na watoto aliowaacha. Natoa ushuhuda huu kwa kuwa wajane wa barabara ile tuko wengi, na karibu sote tuliliwazwa kwa maneno yaleyale: ajali haina kinga. Waliosema hivyo walinipenda, na sina kinyongo nao. Lakini ajali iliyomuua mume wangu ilikuwa na kinga, tena si moja, na kulijua hilo ndiko kulikonisaidia kusimama tena.

Asiyeipita njia ile huenda akadhani ni barabara kuu kama inavyoitwa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na ukishaiacha Mariakani, sehemu kubwa ni njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, zisizotenganishwa na chochote. Humo hupita malori ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Congo, mabasi ya usiku, matatu, na magari madogo ya watu wanaowahi harusi na mazishi. Anayetaka kulipita lori sharti aingie upande wa yule anayekuja. Mume wangu alikuwa akiniambia kwamba usiku katika nyika ya Taru ni shida kukadiria taa za gari la mbele: unaziona ziko mbali, kumbe zimeshafika.

Reli ya kisasa ilipoanza kazi mwaka 2017, makontena mengi yalihamia kwenye treni. Safari za malori zikapungua, na mwenye lori akataka kila safari iishe haraka ili gari lirudi bandarini kutafuta mzigo mwingine. Dereva alilipwa kwa safari, si kwa saa. Akisimama Maungu alale, amelala kwa hasara yake mwenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Nilipokuja kuisoma baadaye nilishangaa, kwa sababu trela lenye mzigo huchukua zaidi ya saa hizo kufika Nairobi, na mume wangu hakuwa na dereva wa pili. Alikuwa na utingo, kijana asiye na leseni.

Utingo huyo ndiye aliyenipigia simu. Alianza kwa kuniuliza, "Shemeji, uko na mtu hapo nyumbani?" Nikajua. Nilimwambia aseme tu, akashindwa, akampa simu mtu mwingine aliyekuwa pale, na kwa sauti ya mtu nisiyemjua nikaambiwa kwamba nimefiwa.

Mambo yalivyokuwa nilikuja kuyapata kidogo kidogo. Tairi la nyuma lilipasuka. Pale hapakuwa na ukingo wa kutosha kuliondoa trela zima barabarani, kwa hiyo upande mmoja ulibaki ndani ya njia. Gari linatakiwa kubeba pembetatu mbili za kung'aa, zile ambazo madereva wanaziita laifseva. La kwao lilikuwa na moja. Ya pili ilivunjika, na ombi la mpya lilikuwa bado ofisini. Wakafanya wanavyofanya madereva wengi, wakakata matawi ya miti wakayatandika nyuma ya gari ili anayekuja ajue kuna hatari. Mume wangu akainama kwenye gurudumu. Basi lililokuwa likielekea Nairobi likalipita lori jingine kwa kasi, na lilipokuwa likirudi upande wake likakuta trela limesimama. Dereva alilikwepa trela. Hakumwona mume wangu.

Tulimzika siku hiyohiyo alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Nyumba ilijaa watu. Wanawake walinishika mikono, wazee wakanikumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti na kwamba siku ikifika hairudi nyuma. Hayo nayakubali hadi leo, wala sikupata kuyatilia shaka. Mavyaa, aliyempoteza mwanawe, alikaa nami chumbani usiku kucha, na ndiye aliyenilazimisha ninywe uji.

Kabla matanga hayajaanuliwa, alifika mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, na mkoba mkononi. Alisema ametumwa na wakili, kwamba basi lile lina bima na malipo ni makubwa, na kwamba nikitia sahihi siku ile mambo yote yatashughulikiwa. Fomu alikuja nazo zimeshajazwa jina la marehemu. Shemeji yangu akamwuliza amelipata wapi jina hilo, naye akababaika. Akaombwa aondoke. Baadaye nilikutana na wajane waliotia sahihi karatasi za namna hiyo katika siku zao za msiba. Kuna aliyeambiwa baada ya muda kwamba kesi yake ilikwisha na malipo yakatolewa, na yeye hajaona hata shilingi.

Niliingia edani. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kwa mwanamke mwenye watoto ambaye mchumaji wa nyumba amekwenda, ni kipindi kirefu sana. Kodi ya nyumba haingojei, wala karo. Ndugu walichanga wakachoka, na siwalaumu, kwani nao wana nyumba zao. Muuza duka alinikopesha mpaka akaanza kutazama pembeni akimwona mtoto wangu anakuja na chupa ya mafuta. Usiku nilisikia honi za malori yakipanda kutoka bandarini, na kila breki iliyolia niliisikia kifuani. Eda ilipokwisha nikatoka nje, niligundua kwamba siwezi kuvuka barabara. Nilisimama ukingoni miguu ikakataa. Jirani yangu mmoja, Mungu amzidishie, ndiye aliyenishika mkono akanivusha, siku ile na siku nyingi zilizofuata.

Katika upweke ule lilinijia swali nililoogopa kulisema. Je, nikimtafuta aliyesababisha kifo hiki nitakuwa nimepinga kudra? Nilimwendea shehe wa mtaa wetu nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba dini haikumwachia aliyeua kwa kukosea aende zake kwa kusema ni bahati mbaya: Kurani imemwekea kafara, na ikawawekea wafiwa diya, labda wenyewe wasamehe. Akanikumbusha pia yule bedui aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru kisha amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. "Mwanangu," akaniambia, "msiba wako ukubali. Haki yako idai." Nilirudi nyumbani nikiwa na nguvu ambazo sikuwa nazo nilipotoka.

Nilianza na mwajiri. Niliambiwa kwamba mume wangu alikuwa kibarua, kwamba hakuwa na mkataba, kwamba mkubwa hayupo, nirudi kesho. Kesho ziliposhindwa kwisha, dereva mwenzake wa siku nyingi alinipeleka kwa maafisa wa kazi wa serikali pale mjini Mombasa. Huko nikajifunza jambo ambalo kila mke wa dereva anapaswa kulijua kabla halijamfika. Kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu huiita WIBA. Inasema kwamba mfanyakazi akifa kazini, wategemezi wake walipwe fidia inayolingana na mapato yake ya miezi 96. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu kifo. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondoi mtu kwenye haki hiyo iwapo kazi yenyewe inathibitika.

Tuliithibitisha. Mume wangu alikuwa mtu wa kuweka karatasi. Ndani ya sanduku lake nilikuta risiti za mizani ya Mariakani na Athi River zenye namba ya gari, hati za forodha, na ujumbe wa pesa za safari kwenye simu yake. Dereva mwenzake aliandika maelezo, ingawa alijua huenda asipewe gari tena. Fidia ilichukua muda mrefu na ilikuja kwa vipande, lakini ilikuja. Dai dhidi ya bima ya basi nililifungua kando, kwa wakili niliyemchagua mwenyewe nikiwa na akili timamu, nikiwa na abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali, mkononi. Kwa dai la namna hiyo sheria imetoa miaka 3 tangu siku ya kifo. Anayekuja msibani na kalamu akisema muda unakwisha, anasema uongo.

Katika kufuatilia kesi ndipo nilipokutana na abiria mmoja wa basi lile. Ni mwalimu, alikuwa akienda Voi. Aliniambia kwamba tangu wapite Mariakani mzee mmoja aliyeketi mbele alikuwa akimsihi dereva apunguze mwendo. Abiria wengine ndio waliomkemea. Walimwambia kama anaogopa ashuke akapande gari lake mwenyewe, watu wana haraka. Mzee akanyamaza. Mwalimu yule aliniomba radhi kwa niaba ya basi zima, nami nikamwambia asijibebeshe mzigo wa watu wote. Ila maneno yake yalinikaa. Nikahesabu: barabara isiyo na mahali pa kusimama, ofisi iliyochelewesha pembetatu, dereva wa basi aliyekimbizana na ratiba, mume wangu aliyekuwa macho tangu alfajiri, na gari zima la watu waliomnyamazisha mmoja aliyeona hatari. Lolote kati ya hayo lingezuiwa, pengine mume wangu angerudi nyumbani.

Kwa mtaji mdogo nilioupata nilianza kupika. Alfajiri napeleka mahamri na mbaazi, uji na chai kwenye yadi za malori kule Miritini. Nilichagua wateja hao kwa makusudi. Nilitaka kuwa karibu na watu waliomjua mume wangu, na nilitaka kuwasikia wakizungumza. Mwanzoni walininyamazia kwa heshima. Baadaye walizoea, wakaniambia mengi: nani amekesha kwa miraa akavuka Mtito Andei bila kukumbuka alivyovuka, nani amepewa gari ambalo breki zake zinavuta upande mmoja, nani amefungua kidhibiti mwendo kwa sababu ameambiwa afike Malaba kesho.

Nami nikaanza kuwauliza. Kila dereva anayekula kwangu ananizoea kwa swali moja: "Baba, laifseva ziko ngapi?" Mwenye moja namwambia asitoke yadini mpaka apate ya pili. Wengine hucheka, wengine huenda kudai ofisini na kurudi kunionyesha. Mimi na wajane wenzangu tumeanzisha chama, na katika mchango wetu wa kila wiki hutengwa kiasi kidogo cha kununulia pembetatu na makoti yanayong'aa kwa ajili ya matingo, maana wao ndio wanaotumwa nyuma ya gari gizani. Si kazi kubwa. Ila wapo vijana leo wanaovaa koti lile wakibadilisha tairi, nami nawajua kwa majina.

Nilipoanza kusoma habari za jambo hili niliona kwamba msiba wangu ni tone tu. Kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, watu 4,324 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2023. Mwaka 2024 walikuwa 4,748. Wanaokufa kwa wingi zaidi ni wanaotembea kwa miguu, wakifuatwa na wanaopanda pikipiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko barabara. Katika sehemu nyingi za dunia idadi imeanza kushuka. Kwetu Afrika imepanda. Hao ambao vifo vyao vinapungua waliumbwa na Mungu yuleyule aliyetuumba sisi. Walichotuzidi ni kwamba wamerekebisha barabara, magari na mwendo.

Na hata sisi tumewahi kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alilazimisha kila matatu kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na idadi ya abiria inayolingana na viti. Wenye matatu waligoma, watu wakaenda kazini kwa miguu, waziri hakurudi nyuma. Mtu mzima yeyote wa Kenya anakumbuka jinsi hali ilivyotulia, na anakumbuka pia jinsi ilivyoharibika tena usimamizi ulipolegea. Sheria zile hazikufutwa. Zilichoshwa na hongo.

Lipo jingine ambalo nilipolisikia nilimkumbuka yule mzee wa kwenye basi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu nchini Kenya. Vilikuwa na maneno ya kuwahimiza abiria wamkanye dereva anayeendesha ovyo. Ni vibandiko tu, havikugharimu kitu kikubwa. Katika magari yale madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampeni iliyoitwa Zusha. Nilipoelezwa hayo nililia, kwa kuwa kilichohitajika usiku ule hakikuwa mashine wala mabilioni. Alihitajika mtu wa pili wa kusema, "Mzee amesema kweli."

Barabara zenyewe nazo lazima ziguswe. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Juni 2023, lori lilishindwa kusimama kwenye makutano ya Londiani likawaparamia wafanyabiashara na watu waliokuwa stejini, zaidi ya 50 wakafa. Kila mara tulisikia makemeo na marufuku za ghafla, na kila mara joto lilipopoa tulirudi tulikokuwa. Mtu akiuza nyanya ukingoni mwa barabara kuu si kwa kupenda. Ndipo wateja walipo. Mpe soko lenye nafasi mbali na barabara, atahama. Dereva akisimama katikati ya njia si kwa kiburi. Hana pa kuingia. Mjengee maegesho yenye taa, maji na ulinzi kila baada ya kilomita kadhaa, atalala. Amri bila mahali pa kuitekelezea humzalia askari hongo, basi.

Mwanangu mkubwa sasa ni utingo, na anajifunza udereva. Aliponieleza nia yake nilikaa kimya siku nyingi. Mavyaa ndiye aliyenituliza, akasema mtoto hafungwi nyumbani kwa sababu ya kaburi la baba yake. Nilimkubalia, kisha nikafuatana naye hadi kwa aliyetaka kumwajiri. Niliomba mkataba wa maandishi. Niliomba nionyeshwe bima ya wafanyakazi. Niliuliza gari litakuwa na madereva wangapi kwa safari ya Malaba, na wapi watalala. Mwenye gari alishangaa kuulizwa na mama anayeuza mahamri. Lakini alijibu yote, na mawili aliyokuwa hana akayatimiza kabla mwanangu hajapanda gari. Nimejifunza kwamba wengi hawatoi haki kwa sababu hakuna anayeiulizia.

Siku hizi navuka barabara peke yangu. Nimepanda basi hadi Nairobi na kurudi. Tunapofika Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali ambapo wasafiri wengi husimama kusoma Fatiha, namsomea mume wangu pia. Huzuni haijaisha na sidhani itaisha. Ila hainizuii tena kupumua, wala kufanya kazi, wala kucheka na watoto wangu.

Wewe unayesoma haya, nina ombi. Ukiwa na mume, kaka au mtoto anayeendesha gari la mzigo, mwulize leo kama ana mkataba, kama amelala, na kama gari lake lina pembetatu mbili. Ukiwa mwenye gari, lipa dereva wa pili. Ukifiwa, usitie sahihi karatasi yoyote katika siku za matanga. Tafuta abstrakti ya polisi, nenda kwa maafisa wa kazi kabla mwaka haujaisha. Na ukiwa abiria, ukaona dereva anapita magari mahali asipoona mbele, mwambie apunguze mwendo. Wenzako wakikuzomea, sema tena. Na ukimsikia mwingine akisema, usimwache peke yake.